Kidokezo cha Julai

"Chini ya jiwe la tatu, kushoto kwa njia."
Aliyeandika haya aliandika Julai,
jasho likimtiririka, nyenje wakilia majanini.
Leo ni Januari mlimani Pohorje:
mawe yote ni jiwe moja, jeupe,
na njia imelala chini ya theluji
kama mtu aliyejifunika gubigubi
akidai hayupo nyumbani.

Simu yangu inasema: mita nne.
Napiga hatua, inasema: mita kumi na moja.
Nasimama tuli; mshale unazunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Majiranukta nimeyanakili sawasawa,
tarakimu kwa tarakimu,
lakini setilaiti huko juu haijui
kwamba misonobari imeelemewa,
kwamba tawi moja likishtuka
linakumwagia shingoni ndoo nzima.

Brina amekalia mkoba wangu. Ana miaka tisa.
Anakunywa chai ya matunda ya waridi-mwitu
kwa kifuniko cha chupa,
ananitazama nikichimba.
Ni Jumamosi yangu. Ninazo mbili kwa mwezi,
hadi saa kumi jioni.

Shimo la kwanza: majani, barafu.
La pili: mzizi uliojifanya kamba.
La tatu nilipata jiwe, nikashangilia,
nikaligeuza, chini yake jiwe lingine.
La nne na la tano sina la kusema.
Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata:
basi mimi ni mtu wa aina gani,
niliyechoka kabla ya saa sita,
mikono mitupu ndani ya glavu zilizolowa?

"Tutarudi theluji ikiyeyuka," nikamwambia.
Hakujibu. Alikuwa anachora kwa kijiti
duara, na duara ndani ya duara.

Kisha, bila kuinuka, bila hata kunitazama:
"Baba, jaribu pale. Kile kisiki kilichopasuka.
Usichimbe. Ingiza mkono tu."

Nikaingiza hadi begani.
Ufa ulikuwa mkavu, unanukia utomvu,
na vidole vyangu, vilivyokwisha kufa ganzi,
vikagusa kitu chenye pembe nne.

Kopo la aisikrimu, kifuniko chekundu.
Ndani: kifungo cha koti,
kigari kisicho na magurudumu,
sarafu ya nchi ambayo haipo tena,
na daftari ndani ya mfuko.
Ukurasa wa mwisho wenye maandishi, tarehe tisa Agosti:
Darja.
Gorazd.
Na chini yao, kwa zile herufi
zinazopanda mlima hata kwenye mstari,
jina la mwanangu.

"Kule chini ya jiwe lilikuwa linaingia maji," akasema.
"Gorazd akalihamisha. Mama alilifuta kwa skafu."

Saa nzima na nusu alijua.
Saa nzima na nusu amenitazama nikifukua mlima,
nikibembeleza mawe, nikiitukana setilaiti,
akaniacha.
Nilitaka kumwuliza kwa nini.
Swali lilifika menoni, likagandia hapo.

"Chai bado ipo," akasema.

Wino wa kalamu ulikuwa umeganda; yeye alikuwa na penseli.
Nikaandika tarehe. Nikaandika Vinko.
Akaninyang'anya penseli, akaandika lake tena
ubavuni mwa langu, karibu mno,
hata ile A ya mwisho ikanipanda mgongoni.

Nikasimama na kopo mkononi kitambo.
Jiwe la tatu nilikuwa nimekwisha kulijua sasa,
ningeweza kulirudisha lilikoanzia.
Nikalirudisha kisikini.
Palikuwa pakavu. Ukweli lazima usemwe.

Theluji ikaanza upya, bila haraka,
ikishukia kwanza shimo la kwanza.
Tulipofika kwenye uzio Brina akageuka,
akatazama lile shamba la mashimo mlimani.
"Watadhani ni nguruwe mwitu," akasema.
"Kundi zima."

"Mmoja tu," nikamwambia. "Mkaidi."